Alhamisi za Tata Katika Darasa la Saba

Enzi zetu mvua ya Nyamira haikuhitaji mtu wa kuitabiri redioni. Baada ya chakula cha mchana mawingu yalijikusanya upande wa Sironga, na ikifika saa tisa yalikuwa yameshatua juu ya mabati ya shule yetu. Hapo mwalimu angeweza kupiga kelele mpaka sauti imkauke, hakuna aliyesikia neno. Tulikaa tukitazamana, miguu mitupu yenye matope tumeikunja chini ya madawati, tukinusa ile harufu ambayo wenzangu wa rika langu hawajaisahau: sufu ya sweta zilizolowa, moshi wa kuni kwenye nywele, na viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo kila mara kulikuwa na mtu ameficha mfukoni. Mvua ikipita tulirudi kwenye somo tukiwa tumeshasahau tuliishia wapi.

Na kabla ya kufika hapo darasani tulikuwa tumeshafanya kazi ya mtu mzima. Chai ilikuwa bado mgeni milimani kwetu, na kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alikuwa ameipanda. Tuliamshwa umande ukiwa mzito, tukafungwa vipande vya gunia kiunoni ili nguo zisilowe, tukaingia kwenye mistari na vikapu mgongoni kuchuma majani mawili na chipukizi. Mama alichuma mstari wa pembeni, na ukitupia jani gumu kikapuni alilijua bila kugeuza kichwa. Halafu uji wa wimbi, wa moto kiasi cha kuchubua ulimi, na mbio mpaka shuleni. Mjukuu wangu leo anachukuliwa na gari langoni, na jioni ananiambia amechoka. Nilimuuliza siku moja amechoka na nini. Akasema amechoka na kukaa.

Kusoma kwetu kulikuwa kwa kuimba. Mwalimu alisema, sisi tukarudia, darasa zima kwa sauti moja, mpaka akina mama waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya bonde wakajua mito yote ya Kenya na hesabu ya kuzidisha mpaka kumi na mbili. Tuliamini tunajua. Lakini mwambie mmoja wetu asimame peke yake aseme mto wa nne ni upi, ilibidi aanzie wa kwanza, tena kwa ile ile sauti ya kuimba, huku akitikisa kichwa. Akikatizwa njiani, alipotea kabisa, na kiboko cha mwalimu hakikumwonyesha njia ya kurudi.

Mtihani wa darasa la saba, CPE, tuliutaja kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyotaja ugonjwa. Ukipita unakwenda kidato cha kwanza. Ukianguka unarudi kwenye chai, na kama wewe ni msichana, hata hiyo chai ya kwenu huichumi kwa muda mrefu.

Dada yangu Kemunto alinitangulia darasa moja, na alikuwa na akili kuliko sisi sote nyumbani. Sisemi hivi kwa sababu ni dada yangu. Ndiye aliyenifundisha sehemu na nusu kwa kugawanya vichane vya ndizi pale jikoni, na alipomaliza kunieleza hata kaka yetu mdogo ambaye hakuwa ameanza shule alikuwa ameelewa. Kwa hiyo alipofanya CPE na kuanguka, tena kuanguka vibaya, kijiji kizima kilitafuta sababu. Wapo waliosema kichwa kimemjaa mpaka kimefurika. Wapo waliosema ni jicho la mtu. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani wakapiga magoti naye wakamwombea, na Mama akawapa maziwa ya mala na ndizi za kuchemsha, na wote wakaondoka wameridhika isipokuwa Kemunto.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba katika lugha yetu, alikuwa na sababu yake mwenyewe. Aliamini mtoto hakusukumwa vya kutosha. Yeye aliacha shule akiwa darasa la tatu kwa kukosa mtu wa kumsukuma, na alikuwa ameapa kwamba watoto wake hawatakwama hapo alipokwama. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mtu wa maneno machache, na hakuwa mtu wa kuchapa. Alichofanya ni hiki. Kila jioni baada ya sala alimsimamisha Kemunto asome kwa sauti, kitabu chochote, naye akitembea nyuma yake taratibu, mikono mgongoni, amevaa viatu vyake vya ngozi vyenye vyuma kisiginoni. Kemunto akikosea, viatu vilisimama. Hakuna neno lililosemwa. Vilisimama tu, mpaka arekebishe. Baada ya kuanguka kwake, Tata aliongeza muda wa kusoma, na viatu vikasimama mara nyingi zaidi. Nawaambia kwa hakika kwamba hiyo ilikuwa namna yake ya kupenda. Hakujua nyingine.

Kemunto akarudia darasa la saba, na hivyo tukajikuta dawati moja, mimi na dada yangu mkubwa. Mwezi ule ule wageni walikuja kutoka upande wa Kenyenya, watu wa heshima, wenye ng'ombe, wakimwulizia mtoto wao wa kiume mke. Tata hakuwakatalia na hakuwakubalia. Aliwaambia wasubiri mtihani. Kemunto akipita atasoma, akianguka tena, warudi tuzungumze. Kemunto alikuwa jikoni anasonga ugali wa wimbi, na ukuta wa jikoni ni ukuta wa udongo, kila neno lilipita. Aliendelea kusonga. Ugali ule ulikuwa mgumu kiasi kwamba Mama aliutazama kisha akamtazama yeye.

Januari hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndipo akaja Mwalimu Nyakundi. Alikuja kwa baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira, suruali pana chini kama za vijana wa mjini Kisii, na hakuwa na kiboko. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo cha ualimu, na huko alifundishwa kitu alichokiita saikolojia. Siku ya mkutano wa wazazi alilitaja neno hilo mara nyingi mno. Mzee mmoja akanyanyua mkono akauliza kwa adabu kama hao wa saikolojia wanasali Jumamosi au Jumapili. Mwalimu akajibu kwamba ni elimu ya jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi. Wazee wakatazamana. Kwao akili ya mtoto ilifanya kazi kwa njia moja tu, na njia hiyo ilikatwa kwenye mti. Walirudi nyumbani wakisema tumeletewa mvivu.

Sisi wenyewe tulidhani hivyo. Alasiri ya kwanza mvua ilipoanza, tukakaa mkao wa kusubiri kama kawaida. Mwalimu Nyakundi akachukua chaki akaandika ubaoni: fungeni vitabu, andikeni kila mnachokumbuka katika somo la asubuhi. Basi. Yeye akaketi. Mvua ikapiga, nasi tukatazama karatasi. Mimi niliandika mistari miwili, wa pili ukiwa ni tarehe. Ndipo nilipogundua kwamba yale niliyoyaimba asubuhi kwa kifua kipana yalikuwa yamepitia mdomoni tu. Hakuchapa mtu. Alikusanya karatasi, akacheka kidogo, akasema kesho mvua itarudi. Na ilirudi. Ikawa kila mvua ikinyesha sisi tunachimbua vichwani mwetu, na mstari ukawa ukurasa. Kufikia muhula wa pili, siku ambayo jua lilikataa kuondoka tulimwomba sisi wenyewe atuache tuandike. Watoto wa siku hizi wakikosa jambo wanaiuliza simu, na simu inajibu kabla swali halijaisha. Nasi tulikuwa na mvua na penseli, na nikwambie, hadi leo nikiamshwa usingizini nitakutajia maziwa ya Bonde la Ufa kuanzia popote utakapo.

Jumapili moja Mwalimu alikuja shambani kwetu kutembea. Mama alikuwa anachuma, nasi tunachuma, naye akasimama pembeni ya mstari akamuuliza Mama kwa nini hachumi majani yote siku moja apumzike mwezi mzima. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Akamweleza, kama anavyomweleza mtoto, kwamba unachukua kilicho tayari, unaenda mstari mwingine, baada ya siku kadhaa unarudi, na kila ukirudi mti umekuandalia. Ukiukamua wote kwa pupa unauua. Mwalimu akamshukuru kwa heshima zote. Kesho yake darasani akatukataza kukesha na kitabu kimoja. Alitupangia masomo kwa mizunguko kama ya chai: hesabu leo, kisha iachwe, jiografia kesho, kisha ile hesabu irudiwe kabla haijapotea. Alisema chuoni walimfundisha jambo hilo kwa maneno marefu lakini alilielewa vizuri kwenye mstari wa Mama. Mama aliposikia alitembea wiki nzima kama mkaguzi wa shule.

Lakini Jumapili ile alisikia jambo lingine pia. Mimi na Kemunto tulikuwa na mchezo wetu wa kuulizana maswali tukichuma, mimi mstari huu, yeye ule. Niliuliza, naye alijibu bila kusimamisha mikono, maswali ya hesabu, ya serikali, ya mwili wa binadamu, mengine ya vitabu ambavyo mimi sikuwa nimevifungua. Mwalimu Nyakundi alisimama nyuma ya miti ya ua akasikiliza kwa muda mrefu. Kesho yake, katika jaribio la hesabu, mwalimu mkuu aliingia darasani akapita katikati ya madawati kama alivyozoea. Alikuwa na viatu vya ngozi. Mimi nilimwona dada yangu pembeni yangu, na Mwalimu Nyakundi alimwona kutoka mbele. Penseli yake ilikuwa inakwenda. Hatua zilipofika nyuma yetu, ikasimama. Hatua zilipotoka mlangoni, penseli ilibaki pale pale iliposimama, na jasho likamtoka juu ya mdomo ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Wakati wa mapumziko mwalimu alituita sote wawili chini ya paa la darasa, kwa sauti ya kawaida, mlango wazi, ili asionekane ana siri na wasichana. Alimuuliza kinachompata. Kemunto akasema:

"Nikisikia mtu amesimama nyuma yangu, maneno yote yanaondoka, Mwalimu."

"Mtu yeyote?"

Kemunto alitazama miguu yake. Mwalimu aligeuka akanitazama mimi, nami nikatazama mbali, na nadhani hapo akaelewa ni nani.

Sasa jiwekeni mahali pake. Kijana, mgeni, ambaye hana hata ndevu za kutosha, atamwendeaje mzee wa kanisa amwambie kwamba yeye ndiye anayemwangusha binti yake? Katika Ugusii yetu ya wakati ule, mtu angesema hivyo mara moja tu na kesho yake angefunga sanduku lake la bati. Mpaka leo naistaajabia akili aliyotumia. Hakumwambia Tata kitu. Alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda cha chini kuliko kiti cha Tata, akapokea kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, akaomba msaada. Alisema watoto wa CPE wanahitaji kuzoea kusimamiwa na mtu wa heshima wasiyemzoea darasani. Yeye mwenyewe ni kijana, hawamwogopi. Je, mzee angekubali kuja kusimamia mitihani ya majaribio? Alipendekeza Ijumaa. Tata akasema Ijumaa ni ya kujiandaa kwa Sabato, lakini Alhamisi anaweza. Alisema hivyo kwa sauti tuliyoijua, ile anayotumia akijaribu kuficha furaha.

Alhamisi ya kwanza Tata aliondoka nyumbani kwa koti lake la Sabato, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alipofika shuleni aliosha miguu kwenye pipa la maji ya mvua, akavaa viatu, akaingia. Darasa zima lilisimama. Yeye akatuamkia kwa Kiswahili cha mkutano, akatuambia tukae, tumche Mungu na tusitazame karatasi ya jirani. Halafu akaanza kutembea. Ko, ko, ko, kwenye ile sakafu ya saruji.

Alipofika nyuma yetu akasimama, kwa mazoea tu. Penseli ya Kemunto ikasimama. Nilisikia dada yangu akiacha kupumua. Tata alitazama karatasi yake, na kwa kuwa hesabu za sehemu alikuwa amezisikia zikifanywa nyumbani kwa ndizi, alijua kwamba binti yake analijua jibu la swali lile. Alisubiri. Hakuna kitu. Akasogea mbele, hatua mbili tatu. Nyuma yake penseli ikaanza kukwaruza. Tata akageuka. Akarudi pole pole, akasimama tena pale pale. Penseli ikasimama.

Sikuthubutu kuinua uso, lakini niliviona viatu vyake, vimeng'arishwa, vimekaa sakafuni bila kusogea kwa muda mrefu. Kisha viligeuka vikatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona baba yangu amesimama kwenye uwanja wa shule, ameupa mgongo mlango, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na Mwalimu Nyakundi amesimama kando yake bila kumtazama usoni. Waliyozungumza tuliyajua baadaye kwa Mama. Tata alisema basi, hatakanyaga tena darasani, na nyumbani hatasimama nyuma ya mtoto. Mwalimu akamwomba asifanye hivyo. Akamwambia kwamba siku ya mtihani wenyewe msimamizi atakuwepo, mgeni kabisa, na viatu pia atakuwa navyo. Mtoto asipozoea hapa, atazoea wapi? Akamwomba aje kila Alhamisi, atembee, asimame, aondoke, na asifanye kitu kingine.

"Nitembee tu, nisiseme?" Tata aliuliza.

"Usiseme, mzee. Azoee kwamba ukisimama hakuna baya linalofuata."

Nyumbani usomaji wa jioni ulibadilika. Tata sasa alikaa kitini, na Kemunto akasoma ameketi mbele yake, na akikosea Tata alitazama moto. Kuna jioni alijaribu kucheka kosa moja, na hatukuwa tumezoea kicheko chake, tukashtuka sote. Lakini Alhamisi ziliendelea. Mvua au jua, koti, matope, pipa la maji, ko, ko, ko. Vijana walianza kumwiga wakati wa mapumziko, na mmoja aliyefunga vijiwe chini ya akala zake za tairi alitembea nyuma yetu akikohoa kama Tata, tukacheka mpaka Kemunto naye akacheka. Mwalimu aliuona mchezo huo akauacha uendelee. Sasa naamini nao ulikuwa dawa.

Haikuwa jambo la siku moja. Alhamisi nyingine penseli ilisimama, nyingine ilitetemeka lakini ikaenda, halafu wiki iliyofuata ikasimama tena na Kemunto akalia njia nzima ya kurudi nyumbani, akisema bora waje hao wa Kenyenya yaishe. Nilimbebea vitabu. Mwalimu yeye alimwonyesha karatasi zake za mvua, jinsi zilivyojaa, akamwambia akili yake iko salama, haijaenda popote, inasubiri mlango ufunguliwe. Kisha, mahindi yakiwa yameshavunwa, ikaja Alhamisi moja Tata alisimama nyuma yetu na penseli haikusimama. Ilikwenda mpaka mwisho wa mstari, ikashuka mstari wa pili. Tata alibaki pale, na mimi niliyekaa pembeni nilimsikia akipumua kwa pua kwa nguvu, kama mtu aliyefika juu ya kilima. Aliondoka bila kusubiri kengele. Siku hiyo alisahau kuvua viatu, akatembea navyo kwenye matope mpaka nyumbani, na Mama alipoviona aliketi chini akidhani kuna msiba.

CPE ilifanyika Novemba. Msimamizi alitoka mbali, hatukumjua, na ndiyo, alikuwa na viatu. Alikuwa mtu wa kutembea sana. Katika karatasi ya kwanza alisimama nyuma ya Kemunto muda mrefu, sijui kwa nini, labda alikuwa anapumzika tu. Mimi niliharibu swali langu zima kwa kumsikiliza. Tulipotoka nje nilimshika dada yangu mkono nikamuuliza kama alimsikia.

"Nilimsikia," akasema. "Nikadhani ni Tata. Nikaendelea."

Matokeo yalipokuja tulikuwa tumepita sote wawili, na Kemunto alikuwa amepita kuliko mtu yeyote shuleni kwetu, wavulana wakiwemo. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na vikapu vyao vya chai mgongoni kuuliza ni nini. Tata aliingia ndani akafunga mlango. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na akadai ni moshi, ingawa moto ulikuwa jikoni. Wale wa Kenyenya walirudi kama walivyoahidi, wakapewa chai na ndizi, wakasikilizwa mpaka mwisho, maana ni watu wa heshima. Kisha Tata akawajibu kwa ufupi, mlango wa jikoni ukiwa wazi: "Huyu bado anasoma."

Mwalimu Nyakundi alihamishwa mwezi huo huo, na hatukuelezwa sababu. Wapo waliosema mwalimu mkuu hakupenda kusikia sifa za mtu mwingine. Tulimsindikiza darasa zima kwenda kituo cha basi Nyamira, maana baiskeli ilikuwa imepata pancha na alikuwa anaikokota. Na sanduku lake la bati, watu walisimama kando ya njia kutazama, lilibebwa na Tata. Mzee wa kanisa, kwa koti la Sabato, sanduku la kijana begani, peku kwenye matope. Wavulana walikimbia kumpokea, akawakatalia. Mwalimu mwenyewe aliomba, karibu alie, akasema haifai, mzee, haifai. Tata hakupunguza mwendo. Alilibeba mpaka kituoni, akalipandisha yeye mwenyewe juu ya basi, akashuka, akampa mkono. Sikumwona baba yangu akimfanyia mtu mwingine jambo kama lile, kabla ya hapo wala baadaye, mpaka tulipomzika.

Kemunto alifundisha shule za sekondari maisha yake yote. Mimi nilikuwa muuguzi. Mwalimu Nyakundi hatukumwona tena, na kila nikikutana na mtu wa jina hilo mwenye umri huo moyo hunidunda kidogo. Wajukuu zetu sasa wana vitu ambavyo sisi hatukuweza hata kuviota: taa, maabara, walimu wa ziada hadi likizoni, kompyuta za kufumbatwa mkononi, na mshauri nasaha mwenye ofisi yake na kibao mlangoni. Navifurahia vyote, siwaonei wivu. Ila juzi mjukuu wangu aliniletea karatasi yake ya mtihani, tupu kuanzia katikati, na kando yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu aongeze bidii. Nilimuuliza kilichotokea alipofika pale katikati. Alinitazama kwa mshangao, mtoto wa watu, kisha akaniambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.